Amana Mikononi mwa Mpiga Piano

Kibao cha piano kikibonyezwa hushuka kiasi cha milimita 10, basi. Maisha yote ya mpiga piano yamo katika kina hicho. Humo ndimo anamotafuta tofauti kati ya sauti inayonong'ona na inayonguruma, kati ya huzuni ya Schubert na ghadhabu ya Prokofiev, wala hana pengine pa kwenda. Mpiga zumari ana pumzi yake. Mpiga fidla ana uta, anaweza kuukaza au kuulegeza wakati sauti ingali hai. Mpiga piano akishabonyeza, nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa huponyoka mamlaka ya kidole chake kabla haijaufikia uzi, na tangu hapo haina wa kuirudisha: ni jiwe lililokwisha kutupwa. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence aliyekibuni chombo hiki kuelekea mwaka 1700, alikusudia hivyo hasa. Nyundo ipige, irudi chini, uzi uachwe utetemeke wenyewe. Na uzi ulioachwa wenyewe huanza kufifia papo hapo.

Tukisema basi kwamba piano ya fulani inaimba, tunasema jambo ambalo kwa maumbile ya chombo haliwezekani. Kila noti huzaliwa na nguvu zake zote kisha hupungua. Ili noti mbili zisikike kama pumzi moja, ya pili sharti ipimwe kwa kiasi kile ambacho ya kwanza imekwisha kushuka. Ikizidi kidogo wimbo hukatika, ikipungua huzama. Sikio hutangulia, kidole hufuata. Wakati huohuo mguu wa kulia uko juu ya kanyagio, unaviinua na kuvishusha vizuizi vya nyuzi, mara kabisa, mara nusu, mara robo, kwa kipimo ambacho hakuna mtunzi aliyewahi kukiandika chote. Na haya yote hufanyika juu ya mtambo wenye urefu wa mita 2.7 na uzito unaokaribia nusu tani, wenye nyuzi zipatazo 230 zilizokazwa kwenye fremu ya chuma kwa nguvu ya tani 20 hivi. Kukifanya chuma hicho chote kinong'one, hata aliyeketi safu ya mwisho ainame mbele kusikiliza: huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu, na katika kazi zote za mikono sijaona unaoushinda.

Nitausifu kupitia kwa mtu mmoja, Sviatoslav Richter. Wapo wapiga piano waliokuwa na vidole safi kuliko vyake, na wapo waliopendwa zaidi na magazeti. Ila hakuna, kwa maoni yangu, aliyeelewa vizuri kama yeye kwamba mpiga piano ni mchukuzi wa amana. Mtu aliyefariki zamani ameacha mzigo wa alama nyeusi juu ya karatasi. Walioachiwa hawawezi kuupokea jinsi ulivyo, kwa kuwa wengi wetu hatuzisomi alama hizo, na hata anayezisoma hawezi peke yake kuzifanya zijaze ukumbi. Anahitajika mtu wa katikati autwae mzigo, aufikishe, asiupunguze njiani, asiuongeze, wala asiugonge muhuri wa jina lake.

Richter alizaliwa Zhytomyr, katika Ukraine ya leo, mwezi Machi 1915, akakulia Odessa. Baba yake, Teofil, alikuwa mtu wa asili ya Kijerumani, mpiga kinanda kanisani na mwalimu wa piano. Mtoto hakukalishwa kwenye mazoezi ya vidole asubuhi na jioni kama ilivyo desturi ya watoto wa walimu. Karibu yote alijifunza mwenyewe, kwa kusoma. Aliyatwaa madaftari ya opera, yale manene yenye sehemu za waimbaji na okestra nzima, akayapiga kwenye piano moja kadiri vidole vilivyoweza kufika. Angali kijana akaajiriwa kuwasindikiza waimbaji katika mazoezi ya Opera ya Odessa. Malezi haya nayaona kuwa na maana kubwa. Aliyeanza kwa opera amezoea kusikia ndani ya piano fidla, tarumbeta, mwanamke anayelia, kwaya inayopita kwa mbali. Mtu kama huyo hatafuti namna ya kupiga vibao. Anatafuta namna ya kuvipita.

Mwaka 1937, akiwa na miaka 22, alikwenda Moscow kwa Heinrich Neuhaus, profesa wa Konsavatori, bila ya kuwa na shule yoyote ya muziki ya kutajika. Neuhaus alimsikiliza, akaamini amempata mwanafunzi aliyekuwa akimngoja maisha yake yote. Kijana akafukuzwa konsavatori mara mbili kwa sababu alikataa kuhudhuria masomo ya siasa, na mwalimu akamrudisha. Kwa kuwa hakuwa na makazi, alilala nyumbani kwa Neuhaus, chini ya piano. Alichokipata hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mikono iliyofunguka, sauti yenye kuimba, na maana ya kimya.

Kuhusu kimya ameacha maelezo ambayo kila anayejifunza ala yoyote angefaa kuyajua. Sonata ya Liszt ya B maina huanza kwa noti ya G, chini, kwa sauti ndogo. Richter alisimulia kwamba huingia jukwaani, huketi, hatikisiki, kisha huhesabu moyoni polepole mpaka 30. Ukumbi huanza kuingiwa na hofu: kulikoni, ameugua? Ndipo ile G ipigwe. Mtu anaweza kudhani huo ni ujanja wa jukwaani. Mimi nauona kuwa ni utumishi. Wasikilizaji wameingia na makelele yao, na gari walilolikosa, na neno walilojibizana nyumbani kabla ya kutoka. Noti ndogo ya Liszt ikitupwa juu ya makelele hayo itakufa kabla ya kuzaliwa. Kwa kuhesabu mpaka 30 mpiga piano anaisafishia njia. Liszt hakukiandika kimya kile, lakini noti aliyoiandika haiwezi kuishi bila ya hicho.

Haya ndiyo tunayoyaona, saa mbili za jukwaani. Nyuma yake kuna kazi ambayo haina cha kutazamwa. Namna ya Richter ilikuwa ya kuchosha hata kuisimulia: alichukua ukurasa mmoja, akaufanyia kazi mpaka ukaisha, ndipo akafungua wa pili. Mahali pagumu alipapiga tena na tena na tena, polepole, bila ya hisia, mpaka mkono ukapajua kama unavyojua kitasa cha mlango wa chumbani gizani. Hisia zingekuja baadaye, zikikuta njia imekwisha kulimwa. Namwamini katika hili. Watu wengi hudhani msanii huanza na moyo kisha akatafuta mbinu, na wengine hudhani mbinu ikitimia moyo utakuja wenyewe. Fundi wa kweli hufanya kazi ya mbinu kwa unyenyekevu wa mtu anayefagia mahali patakapofikia mgeni.

Mwanzoni mwa mwaka 1943, vita vya Stalingrad bado havijaisha, mtunzi Sergei Prokofiev alimkabidhi Sonata yake ya Saba, ikiwa mpya kabisa. Richter aliisoma kwa siku 4. Sehemu yake ya mwisho huenda kwa mapigo 7, mkono wa kushoto ukirudia fungu moja bila ya kupumzika, vibao vikipigwa kama chuma kinavyopigwa kiwandani, na wakati wote mpigaji hana budi kujizuia asikimbie, kwani akikimbia mwanzoni hatakuwa na pa kwenda mwishoni. Aliipiga Moscow tarehe 18 Januari 1943, kwa mara ya kwanza duniani. Wasikilizaji wa kawaida walipotoka, wanamuziki walibaki wakaiomba tena, akaipiga tena.

Siwezi kupita hapa bila ya kutaja kwamba baba yake alikuwa amekwisha kuuawa. Mwezi Oktoba 1941, majeshi ya adui yakiikaribia Odessa, wakuu wa Kisovieti walimkamata Teofil Richter, Mjerumani, wakamhesabu kuwa jasusi, wakampiga risasi. Mama yake aliondoka nchini baadaye wakati Wajerumani wakirudi nyuma, na mwana hakumwona tena mpaka alipokwenda Marekani mwaka 1960. Katika miaka hiyohiyo aliendelea kupanda jukwaani katika nchi iliyomfanyia hayo. Mwezi Januari 1944 alipiga Leningrad, mji ukiwa bado katika mzingiro. Vioo vya madirisha ya ukumbi vilikuwa vimevunjwa na mshindo wa kombora, watu wakaketi na makoti yao ya manyoya. Yeye alisimulia kwamba hakuona baridi, maana anayepiga haoni baridi. Wengine wamemlaumu kwa kutosema neno la siasa katika maisha yake yote. Mimi ninapofikiria ule ukumbi wenye madirisha yaliyo wazi, na watu waliokwisha kuona njaa ya miaka miwili wakitembea kwenye theluji ili wasikie piano, sioni neno ambalo lingekuwa kubwa kuliko kuja kwake.

Nilisema amana, na amana hujulikana kwa mambo madogo. Schubert na watunzi wenzake waliweka mwishoni mwa mafungu makubwa alama inayomwambia mpigaji rudia tangu mwanzo. Wengi huiruka. Husema wasikilizaji wa leo hawana subira, fungu wamekwisha kulisikia, tiketi ya treni ina saa yake. Richter aliirudia kila mara, na aliwakasirikia wenzake walioiruka. Sehemu ya kwanza ya Sonata ya mwisho ya Schubert, ile ya mwaka 1828, mwaka wa kufa kwake, mikononi mwa Richter hukaribia dakika 25. Polepole mno, wakosoaji wamesema. Lakini msikilize. Mara ya pili wimbo uleule unaporudi hauko palepale, kwa kuwa sasa unaujua mngurumo ule wa chini kabisa, wa mkono wa kushoto, unaokuja baada ya sentensi ya kwanza, na unaungoja. Schubert alikuwa na miaka 31, mgonjwa, akaandika muziki usio na haraka. Nani ana haki ya kumharakisha?

Mwezi Mei 1957, kijana wa Kanada aitwaye Glenn Gould, naye akiwa safarini kupiga katika Umoja wa Kisovieti, aliketi ukumbini Moscow akamsikiliza Richter akiipiga sonata hiyohiyo. Gould hakuwa mpenzi wa Schubert. Marejeo yale yalimchosha. Ameeleza mwenyewe kwamba mwendo ule wa polepole ulimshtua mwanzoni, kisha akajikuta amechukuliwa kabisa. Ninalipenda tukio hili kwa sababu ya yaliyofuata. Mwezi Aprili 1964, akiwa na miaka 31, Gould alipiga Los Angeles na hakupanda tena jukwaani mbele ya watu. Aliona maonyesho ya ukumbini yamekwisha wakati wake, kwamba msikilizaji atahudumiwa vizuri zaidi na maikrofoni ya studio. Mwaka uleule wa 1964 Richter alianzisha tamasha Ufaransa, karibu na mji wa Tours, ndani ya ghala la nafaka la karne ya 13 liitwalo Grange de Meslay, lenye nguzo za miti na paa linaloinuka kama la kanisa. Wote wawili walikuwa mabingwa, na rekodi za Gould nazipenda. Lakini katika mzozo huo niko upande wa ghala. Aliyepewa amana huipeleka kwa mwenyewe. Haitoshi kuiacha mahali salama akatangaza kwamba ipo.

Na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna letu la kusema, tena ni aibu kuisifu piano bila ya kulisema. Vibao vyeupe vya piano za karne ya 19 vilivikwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na kwa miongo mingi Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe hizo. Zilitoka Manyema na Ujiji, zikapita Tabora, zikateremka mpaka Bagamoyo mabegani mwa watu, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wengi wao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa na sifa ya kazi hiyo, na wengine walikuwa watumwa. Wafanyabiashara kama Tippu Tip walitajirikia hapo. Kutoka Unguja pembe zilivuka bahari, na sehemu kubwa iliishia Connecticut, Marekani, katika mji wa Deep River na kijiji jirani kilichopewa jina la Ivoryton kwa sababu ya pembe zenyewe. Huko viwanda vilizipasua, vikazianika juani ndani ya vibanda virefu vya vioo hadi zikawa nyeupe kabisa, vikaziuza kwa watengenezaji wa piano. Pembe nyingine zilikwenda London na Hamburg. Katikati ya karne ya 20 plastiki ilianza kushika mahali pake, na mwaka 1989 mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu.

Kwa hiyo msichana wa Boston au wa Leipzig aliyefanya mazoezi ya Chopin mwaka 1880 huenda aliweka vidole vyake juu ya kitu kilichobebwa na Mnyamwezi ambaye hakupata kusikia hata noti moja ya Chopin. Siamini kwamba jambo hili linambatilisha Chopin. Wala siamini kwamba uzuri wa muziki unalipa ile damu, hakuna kinacholipa. Naona tu kwamba mnyororo wa wabebaji ni mrefu kuliko tulivyofundishwa, na kwamba mpiga piano yuko mwishoni mwake. Kabla ya mzigo wa Schubert alikabidhiwa mzigo mwingine, bila ya yeye kuuliza na bila ya waliouchukua kuulizwa. Anayekijua chombo chake kwa undani huo hawezi kukigusa kwa dharau. Kupiga ovyo juu ya pembe zile kungekuwa ni kuwakosea watu wale mara ya pili.

Kuna jambo jingine linalomtenga mpiga piano na wanamuziki wenzake. Mpiga fidla husafiri na fidla yake, mpiga udi na udi wake. Chombo kinamjua naye anakijua. Mpiga piano hufika mjini mikono mitupu. Jioni ile atakutana na piano asiyoichagua, labda nzito ya vibao, labda nyuzi za juu kali kama bati, labda kanyagio lina sauti ya bawaba, na ana saa chache za kuzoeana nayo kabla watu hawajaketi. Arturo Benedetti Michelangeli hakuvumilia hali hiyo. Alisafiri na piano zake, na zisipomridhisha alivunja onyesho. Vladimir Horowitz aliporudi Moscow mwezi Aprili 1986, miaka 61 baada ya kuondoka, piano yake mwenyewe ilitolewa nyumbani kwake New York ikasafirishwa naye. Siwalaumu, waliutafuta usahihi na njia yao ilizaa matunda makubwa.

Richter, hasa katika miaka yake ya kati, alikuwa na imani tofauti. Alisema mpiga piano asichague piano: akianza kuchagua, wasiwasi utamwingia, na kosa lolote atalitupia chombo. Apokee aliyopewa, na aamini kwamba itaitika, kama Mtume Petro alivyopaswa kuamini ndipo aweze kutembea juu ya maji. Mwaka 1953, Stalin alipofariki, Richter aliletwa kutoka Tbilisi kwa ndege iliyojaa mashada ya maua ili apige kwenye maziko. Kanyagio la piano aliyowekewa lilikuwa bovu. Alijikunja chini akaingiza daftari la noti ili lipate kufanya kazi, na walinzi wakaingiwa na hofu kwamba anatega bomu. Akainuka, akapiga. Katika kisa hicho chote hakuna anayekumbuka alipiga vizuri kiasi gani. Ninachokiona ni mtu ambaye hata katika msiba wa yule aliyetawala nchi alipouawa baba yake hakukubali kupiga na kanyagio lisilofanya kazi.

Baadaye kampuni ya Yamaha ilimpa piano na mafundi wa kusafiri naye, akaipenda ala hiyo kwa sababu, alivyoona yeye, iliweza sauti za chini kabisa bila ya kulazimisha tabia yake. Akaitumia kwa namna iliyoendana naye. Mwaka uleule wa 1986 aliokuja Horowitz Moscow na dunia nzima ikatazama, Richter, mwenye miaka 71, alishika njia ya Siberia. Safari ilichukua takriban nusu mwaka, kwenda Vladivostok na kurudi, na inakadiriwa alitoa maonyesho kama 150, mengine katika miji midogo isiyokuwa hata na ukumbi wa muziki. Hakukuwa na wakosoaji huko, wala rekodi, wala malipo ya kutajirisha. Kulikuwa na watu. Mtu anaweza kulipima jina kubwa kwa kumbi lilizozifungua. Mimi nalipima hili kwa kumbi ambazo hazikuwako.

Nikitaka kumwonyesha mtu ufundi huu ni nini, simpi rekodi safi. Ninampa ile ya Sofia, Bulgaria, ya mwezi Februari 1958, Richter akipiga Picha za Maonyesho za Mussorgsky. Ni majira ya baridi na ukumbi mzima unakohoa. Wanakohoa mahali pa upole kuliko pote. Piano haiko katika hali njema, na Richter anakosea noti, nyingine waziwazi. Studio ya leo ingekata, ikaunganisha, ikatupa kitu kisicho na doa. Lakini usikilize, katika kipande kimojawapo, lile gari la ng'ombe la Kipolandi linavyopita, linavyokuja kwa uzito wa magurudumu yake na kuondoka likififia barabarani. Usikilize kipande cha mwisho, Lango Kuu la Kiev, kengele zake zikijengwa moja juu ya nyingine mpaka ukasahau kwamba ni mtu mmoja, vidole kumi, mbele ya ubao na chuma. Makosa yale hayanisumbui. Yananiambia kwamba alikuwa amekwenda mpaka ukingoni, mahali ambapo mtu mwangalifu hafiki. Hao wanaokohoa nao nimewazoea na kuwapenda; kwa ajili yao ndiyo kazi ilifanywa. Rekodi hiyo ni miongoni mwa zilizowafanya watu wa Magharibi waanze kuuliza huyu ni nani, miaka miwili kabla hajaruhusiwa kukanyaga Marekani.

Kwa miaka mingi Richter alipiga bila ya karatasi mbele ya macho, ila desturi hiyo haikuanza naye. Ilijengwa katika karne ya 19 na watu kama Franz Liszt na Clara Schumann, yule binti wa Leipzig aliyepanda jukwaani akiwa na miaka 9 mwaka 1828 na kuendelea kupiga mbele ya watu mpaka mwaka 1891. Mwanzoni wapo waliomwona Clara kuwa ana kiburi kwa kutomwekea Beethoven karatasi zake. Baadaye jambo likageuka sheria: asiyekumbuka yote kichwani si mpiga piano. Nawahurumia wengi waliokosa usingizi kwa hofu ya kusahau. Richter, aliyekuwa na kumbukumbu iliyobeba programu kadhaa kwa kadhaa, aliiacha sheria hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Masikio yake yalikuwa yameanza kumsaliti: yeye aliyejua tangu utotoni kila noti kwa jina lake alianza kuzisikia zikiwa juu kuliko zilivyo, na vidole vikawa vinapiga kitu kimoja, kichwa kikisikia kingine. Mwingine angestaafu. Yeye aliweka karatasi mbele yake, akamkalisha mtu pembeni wa kufungua kurasa, akazima taa za ukumbi, akabakiza taa moja ndogo juu ya noti.

Alieleza sababu zake bila ya kuona haya. Gizani watu hawatazami uso wa mpigaji wala mikono yake, kwa hiyo wanabaki na muziki. Na karatasi ikiwa wazi, alisema, hakuna alama ya mtunzi itakayosahaulika kwa uzembe wa kumbukumbu. Kuna waliosikitika kwamba simba amezeeka. Mimi nadhani ndipo alipofika pale alipokuwa akielekea tangu mwanzo. Mchukuzi wa amana anaisoma hati mbele ya wote, neno kwa neno, na taa imeelekezwa kwenye hati.

Kijana anayeanza leo atakutana na mambo ambayo Richter hakuyajali: mashindano ya kimataifa, mikataba ya miaka mitatu mbele, picha za kutangaza. Richter alichukia kupangiwa; alipendelea apigiwe simu, aambiwe kuna ukumbi, aje. Sina hakika kwamba maisha hayo yanawezekana tena. Kodi ya nyumba lazima ilipwe, na konsavatori zinatoa mabingwa wengi kuliko kumbi. Lakini ndani ya zile milimita 10 hakuna kilichobadilika. Noti bado inaanza kufa inapozaliwa, ya pili bado inapimwa kwa sikio, na kanyagio bado halina kipimo cha kuandikwa.

Mara ya mwisho Richter alipiga mbele ya watu mwezi Machi 1995, Lübeck, Ujerumani, kwa wasikilizaji wachache. Akaugua, akaishi nje kwa muda, akarudi Urusi, akafariki Moscow tarehe 1 Agosti 1997 akiwa na miaka 82. Siku zile za mwisho alikuwa bado anasoma muziki kwa ajili ya jukwaa: vipande vitano vya piano ambavyo Schubert aliviandika akiwa na miaka 19.